Syokimau, stesheni ya wanaorudi nyumbani

Katika wiki moja ya Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua miradi miwili ya usafiri pembezoni mwa Nairobi. Tarehe 9 ilikuwa zamu ya Barabara Kuu ya Thika, kilomita zipatazo 50 za lami zilizogharimu takriban shilingi bilioni 31. Siku nne baadaye, tarehe 13, Rais alikuwa upande mwingine wa jiji, Syokimau, akifungua stesheni ya reli. Barabara ilikuwa kubwa na ya gharama, na ndiyo ambayo wengi huitaja mpaka leo wanapozungumzia kazi za Kibaki. Hata hivyo, kwa atakayeandika historia ya Nairobi, tukio la tarehe 13 lina uzito wake. Barabara mpya Wakenya walikuwa wameziona nyingi. Stesheni mpya ya reli, iliyojengwa kuanzia msingi hadi paa kwa ajili ya abiria wa kwenda kazini na kurudi, hawakuwa wameiona tangu uhuru.

Syokimau iko kusini-mashariki mwa jiji, kilomita kama 16 kutoka katikati ya mji, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Kaunti ya Nairobi. Kiutawala ni sehemu ya Mavoko, Kaunti ya Machakos. Kimaisha ni Nairobi. Maelfu hulala huku na kufanya kazi kule, na katikati kuna Barabara ya Mombasa, njia ileile inayobeba malori ya makontena kutoka bandarini, mabasi ya Pwani, teksi za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na matatu za Athi River, Kitengela na Mlolongo. Mwendo ambao alfajiri unakwisha kwa dakika 20 ungeweza kumla mtu saa mbili ikifika saa moja ya asubuhi. Treni ililetwa kuwaokoa watu hao, na ililetwa ikiwa imechelewa sana, kwa maana reli yenyewe ilikuwa imepita katika uwanda huo tangu mwaka 1899.

Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa, ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Shabaha ya serikali ya Uingereza ilikuwa kulifikia Ziwa Victoria na kuishika Uganda kabla mataifa mengine ya Ulaya hayajajipenyeza. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali na, kule Tsavo mwaka 1898, kwa meno ya simba wawili ambao hadithi yao bado inasimuliwa. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilifika kwenye kinamasi chenye maji baridi ambako mji wa Nairobi ungeota. Mwishoni mwa 1901 ikafika Kisumu. Siku chache kabla ya kukifikia kinamasi hicho, mafundi walikuwa wakitandaza mataruma katika mbuga za Athi, nchi tambarare ya nyasi, pundamilia, nyumbu na ng'ombe wa Wamaasai. Hakuna aliyeona sababu ya kuweka stesheni mahali ambapo leo wanaishi walimu, wahasibu, wauguzi na wafanyakazi wa mashirika ya ndege.

Jina la mahali hapo lina umri mkubwa kuliko reli.

Syokimau alikuwa nabii wa kike wa Wakamba, aliyeishi kabla Wazungu hawajaitawala nchi. Masimulizi ya Ukambani yanasema aliona nyoka mrefu akiikatiza nchi kutoka maji mpaka maji, akitoa moto na moshi, na pamoja naye wakija watu wenye ngozi ngeni wanaobeba moto mifukoni. Reli ilipofika, na viberiti vilipofika, wazee walijua alikuwa amesema nini. Watoto wa shule nchini Kenya hufundishwa habari zake pamoja na za Mugo wa Kibiru wa Wakikuyu na Kimnyole wa Wanandi, ambao nao wanakumbukwa kwa kuitabiri reli kwa sura ya nyoka.

Utabiri wa Syokimau unastahili kusomwa pamoja na historia ya watu wake. Wakamba wa karne ya 19 walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu. Misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga, waya na habari. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka nchi ya Kivoi ndiko Krapf alikouona Mlima Kenya. Kwa jamii kama hiyo, njia ya kutoka bara hadi baharini ilikuwa riziki ya kila mwaka, na anayeijua njia ndiye wa kwanza kuwaza kitakachopita juu yake kesho. Mtaa ulipata jina lake kwa mama huyo, na stesheni ikalirithi kutoka kwa mtaa. Reli ya Kenya ikawa na stesheni inayoitwa kwa jina la mtu aliyeiona kabla haijafika.

Kwa zaidi ya miaka 100 stesheni za ukanda huu ziliwekwa kwa mahitaji ya injini na mizigo. Palipohitajika maji ya boila, au palipohitajika treni mbili zipishane, au palipokuwa na kitu cha kupakia, hapo ndipo palipopata jukwaa na nyumba ya msimamizi. Athi River ilikuwa na nyama na saruji. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ilianza kazi yake huko mwaka 1950. Kutoka Konza, tawi la reli lilielekezwa Magadi kufuata magadi ya ziwa lenye jina hilo, na likakamilika mwaka 1915. Embakasi ilipata uwanja wa ndege mwaka 1958, na mwaka 1984 ikapata bandari ya nchi kavu, ambako makontena ya Mombasa hushushwa. Wafanyakazi wa reli walijengewa mitaa yao, Muthurwa na Makongeni, karibu na karakana ili waende kazini kwa miguu. Katika mpango huo wote mkazi wa kawaida, anayetaka tu kufika kazini asubuhi na kurudi kwa watoto wake jioni, hakuwa na nafasi.

Treni za abiria wa mjini zilikuwapo, na Wakenya wa rika fulani wanazikumbuka vizuri. Zilitoka Kahawa, Githurai na Dandora, nyingine zikapita katikati ya Kibera kuelekea Kikuyu, asubuhi zikija mjini na jioni zikirudi. Mabehewa yalikuwa makuukuu. Watu walining'inia milangoni, na wengine walipanda juu ya paa. Nauli ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo fadhila iliyowafanya wafanyakazi wa viwandani, mafundi na wauza mboga waivumilie. Ni kosa kuzidharau treni hizo: ziliwabeba watu ambao matatu zilikuwa zikipandisha nauli kila mvua inaponyesha. Lakini zilikuwa zikitumia stesheni za zamani, majukwaa ya zamani na ratiba iliyopangwa kwa kile kilichobaki baada ya mizigo kuhudumiwa.

Shirika la reli lenyewe lilikuwa limeyumba kwa muda mrefu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ya pamoja ikagawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaanza maisha yake likiwa na injini zinazozeeka na malori yanayoongezeka barabarani. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, kabla hata ya nusu ya muda. Katikati ya kipindi hicho, Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, na mizigo ya Uganda ikakwama. Wakati huohuo jiji lilikuwa likipanuka. Sensa ya 2019 iliihesabia Kaunti ya Nairobi watu 4,397,073, na hesabu hiyo haiwajumlishi wa Syokimau, Kitengela, Ruiru wala Ongata Rongai, ambao kila asubuhi huingia humohumo.

Katika miaka ya 1990 na 2000 uwanda wa Syokimau uliuzwa ploti kwa ploti. Watu waliokuwa wamekodi nyumba South B na Donholm kwa miaka mingi waliona hapa nafasi ya kujenga: ardhi tambarare, bei ya chini kuliko ya ndani ya jiji, uwanja wa ndege karibu. Mitaa iliyozungushiwa ukuta ikaota, barabara zake nyingi zikiwa bado za udongo mweusi unaonasa magurudumu msimu wa masika. Ujenzi ulikimbia, hati zikabaki nyuma. Novemba 2011 mabuldoza yaliingia Syokimau na kubomoa nyumba zilizosemekana kuwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Familia zilizosema zilinunua ploti zao kihalali zilikesha nje, juu ya vifusi, pamoja na makochi na masufuria yao. Mwaka mmoja baadaye serikali ilirudi Syokimau, safari hii na stesheni. Kwa wakazi, matukio hayo mawili ni sehemu ya kumbukumbu moja, na makala yanayosifu jengo bila kutaja vifusi hayawatendei haki.

Jengo lenyewe lilistahili sifa. Lilitokana na Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo uliozinduliwa mwaka 2008, na lilibeba wazo jipya kwa Nairobi: mwenye gari aliache stesheni na kupanda treni. Ndiyo maana lilipewa maegesho makubwa, ukumbi mpana wa kukatia tiketi na jukwaa safi lenye paa. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyokarabatiwa, yakivutwa na injini ya dizeli juu ya reli ileile ya mkoloni. Stesheni mpya za Imara Daima na Makadara zikaungana nayo kwenye njia ya kwenda mjini. Kwa mara ya kwanza karani wa benki na mkurugenzi wa idara waliweza kukaa behewa moja, na hilo lilibadilisha namna watu wa tabaka la kati walivyoizungumzia treni. Ilikuwa imekoma kuwa chombo cha asiye na namna.

Jambo linalovutia ni kwamba Dar es Salaam ilikuwa imefanya hatua kama hiyo wiki mbili tu kabla. Tarehe 29 Oktoba 2012 zilianza safari za treni ya jiji, ambayo wananchi waliibatiza mara moja treni ya Mwakyembe, kwa jina la Harrison Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Moja ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kwenye reli ya kati, nyingine ilitumia njia ya TAZARA. Miji hii miwili ilianzia ncha tofauti. Dar es Salaam ilichukua mabehewa na reli iliyokuwapo, ikaanza kubeba watu, majukwaa yakafuata baadaye yakiwa ya kawaida kabisa. Nairobi ilianza na stesheni nzuri, kisha ikaanza kutafuta treni za kuitosha. Njia ya Dar es Salaam ilithibitisha haraka kwamba abiria wapo, na kwa kweli ndiyo njia inayofaa mji usio na fedha nyingi. Ya Nairobi ilimpa abiria heshima ambayo hakuwahi kupewa. Jiji lolote linahitaji yote mawili.

Halafu ikaja reli ya pili.

Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua reli ya kisasa, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi: kilomita 472, iliyojengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, sehemu kubwa ya fedha zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Treni ya abiria, Madaraka Express, ilipunguza safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Stesheni yake kuu ya Nairobi haikuwekwa mjini. Iliwekwa Syokimau, jirani na ile ya 2012, na kwa ukubwa wake ikaifanya ya kwanza ionekane kama kibanda cha mlinzi.

Kwa hiyo Syokimau ikawa na stesheni mbili, na tatizo la kiufundi ambalo kila msafiri wa Pwani analijua hata kama hajui jina lake. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya kisasa ina milimita 1,435. Treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Anayetoka Mombasa akiwa na watoto, mikoba na gunia la maembe lazima ashuke Syokimau, atembee, apande treni nyingine au achukue teksi ili afike katikati ya mji. Upande wa Mombasa ni vivyo hivyo: stesheni ya SGR iko Miritini, bara, ilhali ile ya zamani ilikuwa kisiwani. Reli iliyojengwa kuunganisha miji miwili ilisimama nje ya miji yote miwili. Zipo sababu zake. Kupitisha njia mpya katikati ya Nairobi kungemaanisha kununua na kubomoa mno, na SGR ilipoendelea kuelekea Naivasha, ambako huduma ilizinduliwa Oktoba 2019, ililazimika kupita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenye daraja la zaidi ya kilomita 6. Sababu hizo zinaeleweka, lakini mzigo wake umeachwa mabegani mwa abiria.

Hapo ndipo stesheni ndogo ya 2012 ilipopata kazi ambayo waliobuni jengo lake hawakuipangia. Njia ya Syokimau iligeuka kiungo cha nchi nzima. Treni za kutoka mjini zilianza kufika hadi kwenye stesheni ya SGR, zikiwapeleka wasafiri wa Mombasa na kuwapokea wanaorudi. Mabehewa ya zamani hayakutosha kazi hiyo. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizotumika kutoka Hispania, zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, kwa hiyo hazihitaji kichwa cha kuvuta wala kugeuzwa mwisho wa safari. Wengi walilalamika kwamba nchi inanunua mitumba. Anayejua reli atatazama zilikotoka: kisiwa cha Mallorca, ambacho reli yake nayo ina upana wa mita moja. Mallorca ilikuwa imetia umeme kwenye njia zake, treni zake za dizeli zikakosa kazi, na zikaja kukaa sawasawa juu ya chuma kilichopimwa na Waingereza karne ya 19. Kati ya maamuzi yote yaliyoigusa Syokimau, hili lilikuwa la busara kuliko linavyosifiwa. Huduma mpya ilizinduliwa Novemba 2020, katika mwaka ambao safari za abiria kati ya Nairobi na Mombasa zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya korona kuanzia Aprili hadi Julai.

Mei 2022 Barabara ya Mombasa nayo ikapata ghorofa. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa majaribio, ikiwa na njia za kuingilia Syokimau na pia kwenye stesheni ya SGR. Mwenye gari aliyekuwa ameanza kuizoea treni alipewa sababu ya kurudi nyuma ya usukani, mradi awe na fedha za kulipa getini. Matatu nyingi na malori zilibaki chini. Fedha zilizomwagwa juu ya nguzo za barabara hiyo zingeweza kuipa reli ya Syokimau njia ya pili.

Njia ya pili ndiyo kiini cha suala zima. Kutoka mjini hadi Syokimau treni hutegemea njia moja, na ile inayotoka lazima imngoje mwenzake mahali pa kupishana. Kwa hiyo treni zimerundikwa asubuhi na jioni, na katikati ya mchana huwa chache. Mfanyakazi wa ofisini anayeanza saa mbili na kumaliza saa kumi na moja anahudumiwa. Muuguzi wa zamu, mwanafunzi wa chuo mwenye kipindi cha saa sita, mama anayempeleka mtoto kliniki, hao hurudi kwenye matatu. Kisha kuna mwendo wa kutoka stesheni hadi mlangoni: nyumba za Syokimau zimetawanyika hadi Katani, na bila bodaboda treni haimfikishi mtu nyumbani. Nauli ya bodaboda kwa siku inaweza kuzidi ya treni, na gharama hiyo haionekani kwenye tiketi yoyote.

Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa Nairobi Railway City, mradi wa kuijenga upya stesheni kuu ya mjini pamoja na eneo linaloizunguka, kwa ushirikiano na Uingereza. Kwa abiria wa Syokimau, mradi huo utapimwa kwa idadi ya majukwaa, kwa mahali matatu za Westlands, Ngong na Upper Hill zitakaposimama, na kwa iwapo tiketi iliyokatwa Mombasa itatosha kumfikisha mtu mjini bila kupanga foleni ya pili akiwa na mizigo. Kuanzia Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida ya Madaraka Express ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Anayelipa kiasi hicho tayari amelipia safari ya kuja Nairobi, na bado akishuka Syokimau hutoa tena pochi ili aifike.